Twende Kalemie, kwenye mlango wa ziwa

Wazazi na vijana wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi! Ninyi munaojua mashimo ya shaba na vumbi jekundu, je, munajua ziwa Tanganyika? Wengi wetu tunalijua paka mu sahani: ndakala kavu pembeni ya bukari. Basi leo ninawaalika tuende kuliangalia kwao.

Njia ya zamani ni reli. Kutoka Lubumbashi inapita Kamina na Kabongo, inavuka Lualaba karibu na Kabalo, halafu inageuka mashariki kupitia Nyunzu. Kipande cha Kabalo mpaka Kalemie ni kilomita 273, nacho kilifika ziwani mwaka wa 1915. Usihesabu siku. Beba maji, unga, blanketi na uvumilivu. Mwenye haraka atafute ndege.

Sisi tulifika usiku, tukalala juu ya mizigo yetu. Asubuhi kijana mmoja wa kundi letu, ambaye hajaona maji makubwa kupita yale ya Tshangalele, akasimama akauliza: "Ile ni mbingu ao ni maji?" Hakuna aliyemcheka. Ziwa lina urefu wa kilomita 673, na kilindi chake kinafika karibu metre 1.470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Inchi nne zinaligawana, na samaki wake wengi hawapatikani pengine popote.

Lakini kitu cha kwanza ninachotaka muone si ziwa lenyewe. Ni mto Lukuga. Mito mingi inaingia mu ziwa, lakini unaotoka ni huu mmoja tu. Unatokea palepale Kalemie, unakwenda mpaka Lualaba, na mwisho maji yanafika bahari ya Atlantiki. Mwaka wa 1874 Mwingereza Cameron aliuona mto huu, akasema ndio mlango. Mwaka wa 1876 Stanley akapita, akakuta umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likaendelea kujaa, na karibu mwaka wa 1878 maji yakavunja kile kizuizi yakaenda zake.

Musifikiri hayo ni mambo ya kale tu. Mwaka wa 2024 ziwa lilipanda sana tena, likaingia mu manyumba ya watu wa ufuko. Mama mmoja alituonyesha alama ya maji ku ukuta wake, sawa na urefu wa kifua. Akasema: "Tulitoka na watoto na sufuria. Kitanda kilibaki." Mbele ya kupiga picha ya maji mazuri, muwasalimie kwanza watu hawa.

Muji ulianza kama ngome ya askari Mbelgiji Jacques, mwisho wa mwaka wa 1891, wakati wa vita na wafanyabiashara wa watumwa. Ukaitwa Albertville mpaka mwaka wa 1966. Kuko bandari, manyumba ya zamani ku kilima, na kiwanda cha vitambaa cha Filtisaf ambacho kilifungwa. Wazee watawahadithia kiwanda hicho bila kuchoka.

Na watu wa Fungurume, musikilize hii! Mu vita vya kwanza vya dunia Wadachi walikuwa mabwana wa ziwa. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilipanda treni kutoka Cape mpaka kwenu Fungurume. Hapo zikashushwa, zikakokotwa na mashini za mvuke, ngombe na mikono ya watu wengi kupita milima ya Mitumba. Halafu Lualaba, halafu reli, mpaka mdomo wa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata mashua ya Wadachi, Kingani. Vitabu vinamtaja kapiteni Spicer-Simson. Majina ya wale waliokata miti na kutengeneza njia hayatajwi, na labda mmoja wao alikuwa babu yako.

Mukipata batau nzuri, shukeni kusini mpaka Mpala, ku mdomo wa mto Lufuko. Askari Storms alijenga ngome pale mwaka wa 1883, na mwaka wa 1885 ikaachiwa mapadri Weupe. Ni mu eneo hili la Mpala na Moba alikotoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo wa nyakati zetu, aliyepewa upadri mwaka wa 1917.

Kuko na hadithi nyingine ya Mpala, nayo ni nzito. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimwua mtemi Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa. Storms akalipeleka lile fuvu Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mababu ya Lusinga, ambayo ikafika mu makumbusho ya Tervuren. Mwaka wa 2018 gazeti moja la Ubelgiji likaeleza kwamba fuvu lilikuwa limehifadhiwa Brussels, na watu wa ukoo wakaomba lirudi. Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms iliyosimama mu muji ule ikaondolewa. Mimi ninaona aibu moja: nilisoma habari hii mu karatasi, siyo mu masomo. Wazazi, muwaambie watoto mukiwa pale.

Upande wa kaskazini iko milima ya Kabobo, yenye sokwe na mbega. Ililindwa kama akiba ya wanyama mwaka wa 2016. Mbele ya kwenda, muulize kwanza kama njia iko salama.

Maneno machache ya mwisho kwa msafiri. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini kipindupindu hakiishi Kalemie: muchemshe maji. Musipige picha ku bandari bila ruhusa. Usiku angalieni taa za wavuvi juu ya maji. Na asubuhi mapema mushuke ufukoni, wamama watawaita: "Papa, uza basi, iko ya leo!" Muuze ndakala, lakini muikaushe vizuri mbele ya kupanda treni. Sisi hatukuikausha, na kufika Kabalo hakuna mtu aliyetaka kukaa karibu yetu.