Treni ya Baba Mtarajiwa

Kama mwenzi wako anapenda mpira, shukuru Mungu. Mechi inaisha baada ya dakika 90. Wangu anapenda treni, na treni haziishi.

Tena si treni yoyote, jamani. Ni ile ya dizeli ya Waingereza, InterCity 125, iliyoanza kubeba abiria Oktoba 1976 kutoka London kwenda Bristol na Wales Kusini. Ina kichwa mbele na kingine nyuma, pua imechongoka, mwendo kilomita 200 kwa saa. Mwaka 1987 ilifika kilomita 238, rekodi ya dunia ya dizeli wakati huo. Nyumbani Sinza anaunda ndogo zake kwa kipimo cha 1:76, katika chumba cha pili. Aprili 2019, nikiwa na mimba ya miezi mitano, tukaenda kuziona zenyewe. Huyo mtoto naye alikuwa anakihitaji chumba cha pili.

Usidhani treni hizi zinafanana. Thubutu! Kule Magharibi zilianza na mabehewa saba, Mashariki manane tangu 1978. Rangi ndiyo usiseme: kampuni moja kijani kibichi, nyingine bluu nzito yenye mstari mwekundu. Hata mlio una kwao. Injini za mwanzo, Paxman Valenta, zilipiga kelele kali ambayo wapenzi wake huizungumzia kama wimbo wa zamani. Baadaye Magharibi na Mashariki wakafunga MTU za Kijerumani, lakini watu wa njia ya Leicester na Sheffield wakabaki na Paxman ya aina mpya. Ukiweka sauti ya Leicester kwenye treni ya Bristol mbele ya wajuzi, umekwisha.

Halafu kuna bafa, vile vikombe viwili vya chuma vya kupokea mgongano. Treni hizi hazikuwa nazo puani, ila vichwa vinane tu vya Mashariki vilivyofungwa mwaka 1987 ili visaidiane na injini mpya za umeme. Sita kati yake vilikuja kukimbia kati ya Sunderland na London hadi 2017. Mume wangu alinieleza hili kwa nusu saa nzima. Nilikula sandwichi yangu na yake.

Kama mnatafuta sehemu moja tu ya kwenda wawili, nendeni Dawlish, kusini-magharibi. Reli ya Brunel imepita kati ya jabali jekundu na bahari, karibu kiasi kwamba wimbi likichafuka linaoga treni. Februari 2014 dhoruba ilivunja ukuta na reli ikabaki inaning'inia hewani. Njia ilifungwa miezi miwili. Tulikaa ukutani, upepo mkali, tukasubiri treni ndefu ya mabehewa manane ipite. Hapo ndipo nilipomwambia: "Baba, kitanda cha mtoto tutaweka wapi?" Hakujibu. Treni ikapita, akaitazama mpaka mwisho. Alijua hesabu yake: ile ya manane, hata ikiwa ndogo ya kuchezea, inakaribia mita tatu. Na hizo ndefu zilikuwa zinaaga. Magharibi ziliondoka mwezi uliofuata, Mashariki Desemba, Leicester mwaka 2021.

Tukapanda kaskazini, York, Edinburgh, kimya chetu kikiwa mizigo. Pale stesheni ya Stirling, Scotland, ikaingia InterCity 125 yenye picha za miji ubavuni. Akahesabu kwa kidole. Mabehewa manne.

"Mke wangu, hii haifiki mita moja na sabini. Inaenea juu ya kabati la sebuleni."

Nikamwambia kabatini sawa, lakini saa mbili usiku mtoto analala, sitaki kelele za Valenta.

"Hizi za Scotland ni MTU," akasema, anacheka. "Zina adabu."

Wiki tuliyorudi alianza kung'oa reli chumbani, akaniomba nishike tochi.