Mtoto Naye Huagwa

Kila mwaka mvua zikikolea, nyumba nyingi za mtaa wetu hapa Ifakara hubaki na wazee na watoto. Wenye nguvu wameshuka bondeni. Mashamba ya mpunga yako mbali, na mpunga wa Kilombero haulimwi kwa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mtu anajenga kibanda hukohuko, anapalilia, na punje zikianza kujaa anapanda dunguni kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Ni wiki nyingi, pengine miezi. Watoto wakubwa wana shule, wadogo wanahofiwa mbu, mafuriko na wanyama. Basi wanaachwa kwa bibi.

Kuwaacha si kosa. Njaa haina subira, na bibi ni mlezi kuliko wengi wetu. Ninalolitaka hapa ni dogo zaidi: namna tunavyoondoka. Tunatoroka. Mama anaamka saa kumi na moja, anafunga kanga kiunoni, anapita kwa kunyata, mlango unafungwa taratibu kama wa mwizi. Mtoto akiamka anaambiwa mama kaenda sokoni. Jioni anaambiwa atarudi kesho. Kesho yake anaambiwa kesho.

Na sisi ni watu wa kuaga jamani! Mgeni akiondoka bila kuaga tunamsema wiki nzima. Kikao cha ukoo hukitoki kimyakimya ukaeleweka. Hata marehemu huagwa, watu wakapanga foleni kupita mbele ya jeneza. Anayekosa kuagwa ni mtoto wa miaka minne, yule ambaye kuondoka kwetu kunamgusa kuliko wote.

Mpwa wangu aliachwa hivyo msimu wake wa kwanza. Dada yangu aliondoka akiwa amelala. Siku mbili za mwanzo alilia, tukasema kawaida. Siku ya tatu akanyamaza, bibi akasema "kazoea". Lakini usiku hakulala. Alikaa kitandani macho makavu, ananitazama. Nikienda uani alinifuata hadi mlango wa choo, akasubiri nje. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa hesabu yake: watu hupotea mtu akilala. Kwa hiyo dawa ni kutolala.

Ule haukuwa utundu, wala kudeka. Ulikuwa woga, na hakuna aliyempa neno la kuuita. Tulimpa neno moja tu, "nyamaza".

Mambo haya yamechunguzwa, tena si mbali na kwetu. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizungukia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama wa Kiganda na kuangalia vichanga vyao. Aliona mtoto anavyomwacha mama na kutambaa kwenda kuchungulia dunia, halafu anageuka kuhakikisha mama bado yupo. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na fikra nyingi zinazofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake zina mizizi katika sebule zile za Uganda. Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali akiwa na uhakika wa pa kurudi. Ukimwondolea uhakika huo, hasogei. Anakaa mlangoni mwa choo.

Fasihi yetu nayo inalijua jambo hili. Mwana Kupona wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 hali akiumwa, alimwita binti yake aje akae karibu naye, achukue wino na karatasi. Tunausoma utendi ule kama mafunzo ya mke kwa mume, tunagombana juu yake madarasani, na ugomvi una haki yake. Lakini kabla ya mafunzo yote kuna mama anayejua anaondoka na hataki kuondoka kimya. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili. Wasia ni kuaga kulikoandikwa. Ajabu ni kwamba heshima hiyo tunaiweka kwa mtoto aliyekwisha kukua.

Nililisema hili nyumbani msimu uliofuata ulipokaribia. Mama yangu, yaani bibi wa mtoto, hakukubali. "Mwanangu, akikuona unaondoka atalia, na safari ya machozi haina heri." Nikamwacha amalize, kwa sababu alikuwa na zaidi ya hilo. Wakati wake hapakuwa na daraja. Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko, na kabla ya hapo kwa mtumbwi. Mtoto aliyekuona ukienda aliweza kukufuata hadi majini, na majini kuna viboko na mamba. Kutoroka kwake kulikuwa kumlinda mtoto. Sikuwa na jibu la haraka, nami siamini wazee wetu walifanya mambo bure.

Lakini mambo yamebadilika. Daraja limefunguliwa mwaka 2018. Mama anapanda bodaboda mlangoni, dakika chache yuko ng'ambo, barabara ya Lupiro hiyo. Hatari ya mtoto kumfuata hadi mtoni imepungua, ila desturi ya kunyata imebaki. Tena zamani kivuko chenyewe kilikuwa kinaaga kwa niaba yetu. Kiliondoka polepole, mtu akapunga mkono mpaka akawa kidoti. Bodaboda haikupi hata nafasi hiyo.

Aliyeamua ni dada yangu. Siku tatu kabla alimweka mtoto miguuni, akamwambia: "Mama anakwenda shamba kulima mpunga. Utabaki na Bibi na Mjomba. Utanikumbuka, utaona moyo mzito. Mimi pia." Halafu bibi, yule yule aliyepinga, akafanya kitu ambacho mimi na vitabu vyangu tusingekibuni. Alichukua miche michache kitaluni, akaipanda kwenye beseni bovu lenye tope, uani. "Huu ni mpunga wako. Mama ana wake, wewe una wako. Ukiwa wa manjano, mama anarudi."

Asubuhi ya safari mtoto alilia. Sitaki kumdanganya mtu: alilia mpaka majirani wakatoka, akashika kanga ya mama, tukamtoa kidole kimoja kimoja. Bibi alinitazama kwa jicho la "nilikwambia". Lakini usiku ule alilala, amejifunika kanga ile ile aliyoachiwa.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kila siku. Akigoma kula tunamwuliza, "Umenuna au umemkumbuka mama?" Mwanzoni alijibu kwa kutupa kijiko. Baadaye akaanza kuchagua. Siku moja dada alipiga simu, amepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, mtoto akakataa kuongea. Tukamwambia mama yake, mtoto akisikia: "Ana hasira na wewe leo." Dada akajibu, "Pole mwanangu, hata mimi ningekasirika." Mtoto akasogea kwenye simu.

Na beseni? Alilinda mpunga ule kama serikali. Kuku walimjua. Alikaa kwenye kigoda na fimbo yake, akiwaambia watoto wenzake wasiukanyage, akigawa zamu za kulinda, akikasirika, akipatana nao. Kila asubuhi aliukagua. Ulipobeba mimba bibi alimweleza, ulipoinama akamweleza tena. Alijifunza kungoja kwa kuona kungojea kunavyobadilika rangi.

Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na moja ya nguzo zake inaitwa malezi yenye mwitikio. Neno zuri. Ila linapimwa saa kumi na moja alfajiri, bodaboda inaunguruma nje na mtoto bado amelala. Kumwamsha kunauma. Kunachelewesha, kunaaibisha mbele ya dereva. Watu wengi hawaogopi machozi ya mtoto, wanaogopa ya kwao.

Siku hizi mpwa wangu ana tabia mpya inayotuchekesha. Kabla ya kwenda popote anaaga. "Mjomba, naenda chooni, narudi." Anakwenda, anarudi, anatangaza amerudi. Mlango wa choo hakuna tena anayeulinda.

Kama unaondoka msimu huu, iwe bondeni, Dar es Salaam au Muscat, mwamshe. Mtajie unakokwenda kwa jina lake. Usimwambie kesho kama si kesho. Kama hujui siku ya kurudi, mwambie hujui, umwambie nani atabaki naye na atakula nini mchana. Atalia. Kaa naye kidogo akilia, kisha nenda.