Ukuta, Kichochoro na Seli

Wahenga walinena kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Kauli hiyo ilimrudia kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mwanafunzi wa biolojia, jioni ambayo nyanyake alitoka hospitalini akiwa na jina la maradhi yake, saratani, na azma ya kutorudi tena huko.

"Mjukuu wangu," bibi huyo aliuliza wakiwa barazani, "nimeukosea nini mwili wangu?"

Kijana aliyajua majibu, lakini aliyajua kwa Kiingereza. Akautazama ukuta wa matumbawe waliouegemea.

"Nyanya, ukuta huu umesimama kwa sababu fundi hubandua chokaa iliyochakaa na kupaka nyingine kwa kiasi kile kile. Mwili nao huziondoa seli kuukuu na kuzaa mpya. Urari huo ndio uzima."

Akaendelea kumweleza kwamba seli haigawanyiki ovyo, bali huongozwa na protini. Saiklini huongezeka, huviamsha vimeng'enya vinavyoisukuma seli igawanyike, kisha huvunjwa ili kazi isite. Tim Hunt aliigundua mwaka 1982 katika mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, ambaye jamaa zake huwachoma nyayo wavuvi wa Mombasa miambani. Mwaka 2001 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse, waliochunguza seli za hamira. Aidha, ipo protini iitwayo p53, mfano wa msimamizi wa ujenzi. Jeni zikiharibika, huisimamisha seli ili zirekebishwe. Zisiporekebishika, huiamuru seli ife. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu, jeni ya msimamizi huyo ina hitilafu.

Bibi alinyamaza kitambo, akikitazama kichochoro chembamba mbele yao.

"Kumbe ni fundi asiyeambiwa basi," akasema. "Hujenga hadi akaziba njia."

"Ndivyo, nyanya. Wala si wewe uliyemwita. Hitilafu nyingine huzuka tu seli inaponakili jeni zake."

Asubuhi yake bibi alijitanda buibui, akamwomba mjukuu amsindikize kwa daktari.

Kwa hakika, wanaounda istilahi za sayansi kwa Kiswahili hawana budi kumkumbuka bibi huyo. Ni vigumu mgonjwa kuikubali tiba ya maradhi ambayo hajaelezwa kwa lugha yake.