Matete

Jumatatu, 3 Novemba

Mawingu yamepita juu ya Sultan Hamud, yakaenda zake. Na jirani amefyeka. Matete yote ya upande wake, mpaka kwenye mchanga wa mto, na ndago kaing'oa kwa jembe. Eti nyanya zina bei. Nilikosa neno, nikabaki kumtazama. Hata kanuni za maji za 2007 zilitaka mita 6 kutoka ukingoni, na hicho kilikuwa kima cha chini. Hakuacha hata hatua moja. Moyo unaniuma.

Alhamisi, 6 Novemba

Imenyesha! Usiku kucha. Alfajiri nilikuwa tayari pale kwenye bwawa la mchanga, matope hadi magotini. Kwa jirani maji yalishuka mbio, mekundu, na mbolea yake ndani na samadi. Kwetu yalikawia kwenye nyasi, yakatua udongo, yakatoka yamepungua ukali. Mvua ileile. Fosfati hung'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo ukizuia udongo umeizuia nayo. Nitreti ndiyo mkaidi, hupita na maji. Inataka tope lisilo na hewa, katikati ya mizizi, vijidudu viigeuze gesi. Mizizi gani sasa, upande ule?

Na sisi tunachota chini kidogo tu ya hapo.

Jumapili, 9 Novemba

Binti yangu amefika kutoka Nairobi. Swali la kwanza: “Mama, maji ya kisima mnachemsha?” Tunachemsha, mwanangu. Lakini nitreti haiondoki kwa kuchemshwa.

Baadaye nikayawaza maji ya huko kwao. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unateremka hadi Thwake, kwenye lile bwawa lililoanza kujengwa 2018, halafu Galana, Sabaki, bahari ya Malindi. Risasi na kromi za viwandani haziozi. Mimea hushika kiasi, tope hushika zaidi, gharika ikija zinaibuka upya. Hizo zizuiwe kulekule zinakotoka. Mbolea na samadi za hapa Kasikeu, hizo ni zetu sisi.

Na watu wa Kampala nao. Kinamasi cha Nakivubo kimewachujia maji taka miaka mingi kabla hayajaingia ziwani, wakakata mafunjo wapande magimbi. Na maji ya kunywa wanayavuta Gaba, ghuba hiyohiyo! Inanitia hofu.

Jumanne, 18 Novemba

Mwethya leo, kazi yetu ya pamoja. Akina mama wengi kuliko nilivyotarajia. Tumepanda nepia juu, vetiva katikati, matete na ndago ukingoni. Mgongo umekwisha, furaha tele. Nimewaambia: tukate majani kila msimu, ng'ombe wale. Yakiachwa yaozee majini yanarudisha kila kitu yalichobeba.

Jirani alikuja jioni. Alisikia habari ya nepia, maana ng'ombe wake wamekonda. Amekubali kuacha mita 3.

Mita 3 hazitoshi, na nyanya anazipulizia dawa. Kesho asubuhi naenda kwake tena.