Joto Lina Mlango Wake

Sisi wa Mwanza tumezoea kulilaumu jua kwa kila joto. Lakini joto linalopanda miguuni ndani ya gari halitoki juani.

Marehemu kaka yangu aliniachia Datsun 240Z, aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 na 1973. Siku moja tukielekea Magu, sakafu iliunguza nyayo, na mjukuu wangu akalalamika kichwa kinamuuma. Fundi alishauri, "Mwalimu, tufunge feni." Nikamwomba tutafute kwanza joto linakopitia.

Usiku tuliweka taa kali upande wa injini, tukachungulia tukiwa ndani. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya nyaya, ambako mipira ilikuwa imeoza. Tukaweka mipira mipya, tukachomelea ufa wa ekzosi, tukafunga maji ya moto yaendayo kwenye hita.

Panapopita joto, moshi nao hupita. Na sumu yake, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Feni ingetupoza huku tukiivuta. Kwa hiyo, kabla ya kufungua dirisha upate upepo wa ziwa, tafuta tundu.