Ruhusa Isitafutwe Mlangoni mwa Leba

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, baba yako kikohozi kimemwacha, na sote tunakuombea dua wewe na hicho ulichobeba.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mimba imeingia mwezi wa saba, unataka ukifika wakati wa kujifungua uhudumiwe na wanawake watupu, na wifi yako amekucheka kwamba hayo ni mambo ya wenye pesa za hospitali za binafsi. Halafu mwisho kabisa, kama jambo la kupita, ukaandika kuwa mumeo ameapa: akikuta mwanamume yuko zamu, atakurudisha nyumbani mkamtafute bibi mkunga wa mtaani. Kwa hilo ndipo nilipoacha simu nikashika kalamu, maana barua hii nataka aisome na yeye.

Kwanza, ombi lako halina aibu. Nimekuwa mkunga tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na wanawake wa kila dini wameniomba hilohilo. Wako waliolelewa hivyo. Wako waliowahi kuumizwa na mwanamume, mwili wao ukawa haukubali kuguswa na mwingine. Wako ambao hawakutoa sababu yoyote, nami sikuwauliza. Kwetu visiwani, somo aliyekufunda ni mwanamke, na atakayekukanda maji ya moto hizo siku arobaini ni mwanamke. Ukitaka na wa katikati, siku ya kuzaa yenyewe, awe mwanamke, hujazua kitu kipya.

Watakuja watu wakutupie ile methali ya mficha uchi hazai. Nimewasikia manesi wakiitumia kumnyamazisha mama aliyeomba tu pazia lifungwe. Waambie methali inamtaka mzazi asimfiche anayemsaidia. Haikusema aonekane na wodi nzima.

Sasa tuingie kwenye kazi, maana ukijua leba inavyoendeshwa utajua la kuomba. Uzazi usio na matatizo ni kazi ya mkunga tangu mwanzo mpaka mwisho. Daktari huitwa jambo likiharibika. Kwa hiyo ombi lako kwa sehemu kubwa linahusu wakunga, na wakunga wengi bado ni wanawake, ingawa wanaume nao wamo na wengine ni hodari sana. Tatizo ni kwamba uchungu hauchagui zamu. Ndiyo maana nakwambia usingoje siku yenyewe. Ukifika wiki ya 36, siku ya kliniki, pitia wodi ya wazazi umwone mkuu wa wodi. Msalimie vizuri, mweleze kwa sauti ya kuomba, wala si ya kudai wala ya kunong'ona: "Dada, naomba nikija nihudumiwe na mkunga mwanamke kadiri itakavyowezekana." Muulize usiku huwa wako wangapi zamu, na wanawake ni wangapi. Mwombe aandike kwenye kadi yako ya kliniki. Neno lililoandikwa linamkuta hata yule ambaye hukuonana naye.

Na usiombe kwa jumla tu. La kwanza ni kupimwa njia. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2018, linashauri mama apimwe kila baada ya saa nne uchungu ukishakaza, yaani njia ikishafunguka sentimita 5, na kwa mtoto wa kwanza kipindi hicho kwa kawaida hakizidi saa 12. Ukipiga hesabu, ni mara tatu au nne, si kila anayepita avae glavu. Hapo ndipo penye urahisi: mkunga mwanamume akiwa zamu na mwenzake mwanamke, wanabadilishana wagonjwa na kazi inaendelea. La pili ni kushonwa ukichanika. La tatu ni wanafunzi: wakija kujifunza, una haki ya kusema hapana, au useme wa kike tu. La nne ni kuwa na mtu wako karibu. Mwongozo huohuo unataka kila mama awe na mwenza amtakaye wakati wa uchungu. Muulize mkuu wa wodi kama mavyaa wako au dada yako ataruhusiwa kuingia.

Hapo mumeo atauliza: kwa nini nisiwe mimi? Mwambie wodi nyingi za serikali hazina vyumba. Ni kitanda na kitanda, na pazia likiwepo. Yeye anachukia wanaume wakuone, lakini akiketi pale atawaona wake za wenzake. Kama hospitali ina chumba cha mzazi mmoja, aingie kwa raha zake. Kama haina, angoje nje kwa subira, na huko nje kazi yake nitamwambia.

Jambo jingine nililolijua kwa kukaa kazini: mwanamke kukuhudumia si dhamana ya stara. Nilifanya kazi na nesi mmoja ambaye alikuwa akipima njia mlango ukiwa wazi, huku akimsimulia mwenzake aliyeko koridoni habari za harusi, na mama akilia kwa uchungu anaambiwa, "Mbona siku ile hukulia?" Na nilifanya kazi na tabibu mwanamume ambaye hakuwahi kuvuka pazia bila kubisha hodi. Alikuwa akisimama upande wa kichwani kwanza, anajitaja jina, anaeleza anachotaka kufanya, kisha ananigeukia mimi: "Dada, mfunike magoti." Alifunua pale panapohitajika tu, na alipomaliza alirudisha khanga mwenyewe. Kina mama wakimwombea dua. Basi omba mkunga mwanamke, lakini omba na haya: pazia lifungwe, nifunikwe, niambiwe kabla ya kuguswa, nisitukanwe. Haya unaweza kuyadai kwa yeyote, mwanamume au mwanamke, mchana au usiku, na hayahitaji kubadilisha zamu ya mtu.

Sasa nizungumze na mwanangu mkwe. Baba, soma taratibu.

Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, mama wa mtoto wa tatu alizaa salama mikononi mwangu, kisha kondo la nyuma likagoma kutoka. Sindano ya oksitosini nilikuwa nimeshampa mara tu mtoto alipotoka. Nusu saa ikapita. Damu ikaanza kuja, si ya matone. Nikaweka dripu, nikamkanda tumbo, khanga ya kwanza ikaloa, nikavuta ya pili. Daktari wa zamu alikuwa mwanamume, amesimama nje ya pazia na glavu mkononi. Mume alikuwa mlangoni, simu sikioni, anamtafuta kaka yake mkubwa amuulize kama inafaa. Kaka hapokei. Yule mama, midomo imeshakuwa myeupe, akanishika mkono akasema: "Mwambie aingie. Na mume wangu mwambie nimesema mimi." Daktari akaingia, tukamfunika palipobaki pote, kondo likatolewa, akaongezewa damu, akapona.

Mzazi akipoteza nusu lita ya damu tayari yuko hatarini, na ikiendelea kuvuja saa chache zinatosha kummaliza. Muda ule wa kupiga simu ulikuwa damu ya mke wake. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe na alimcha Mungu. Kosa ni kwamba swali ambalo wangelimaliza nyumbani miezi iliyotangulia, kwa utulivu, alikwenda kuliuliza mlangoni mwa leba.

Na jibu lenyewe lipo. Mwaka 1993, huko Bandar Seri Begawan, Brunei, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walipitisha azimio juu ya jambo hilihili. Mgonjwa mwanamke atibiwe na daktari mwanamke Mwislamu. Asipopatikana, mwanamke asiye Mwislamu anayeaminika. Asipopatikana, mwanamume Mwislamu. Asipopatikana, mwanamume asiye Mwislamu. Aone kile tu ambacho tiba inahitaji, na awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu, pasiwe na faragha ya watu wawili. Hospitali zetu Unguja na Pemba zinapokea madaktari wa Kichina kutoka Jiangsu tangu 1964. Kwa mpangilio huo, daktari mwanamke kutoka Jiangsu anatangulia mbele ya daktari mwanamume anayeswali nawe safu moja. Na wote wakikosekana, yule aliyepo ndiye wako. Dharura inaruhusu kilichokatazwa, kwa kiasi chake. Rubayyi bint Muawwidh na wenzake, zama za Mtume (S.A.W.), walikwenda vitani wakinywesha maji na kuwatibu majeruhi, na majeruhi wale walikuwa wanaume.

Kurudi nyumbani kwa sababu ya zamu hakumo katika mpangilio huo. Bibi wa mtaani namheshimu. Wengine ndio walionifundisha kumshika mzazi kwa upole. Lakini hana damu ya kuongeza, hana dawa ya kifafa cha mimba, hana thieta. Kitovu kikimtangulia mtoto, hana la kufanya ila kupiga kelele gari litafutwe. Bibi zetu walizalia nyumbani, ni kweli, na makaburi ya waliokufia kitandani mwa uzazi tunayajua yalipo.

Kwa hiyo fanyeni hivi, nyote wawili, wiki hii. Kaeni mbele ya mavyaa. Mke aseme anachotaka: wanawake kwa kupimwa, kwa kuzalisha, kwa kushona. Mume aseme naye yuko pamoja naye. Kisha mkubaliane mipaka: damu ikitoka nyingi, mapigo ya mtoto yakibadilika, degedege likimshika mama, au ikilazimu upasuaji, yeyote mwenye ujuzi aingie bila kuulizwa. Thieta msiwe na masharti mengi. Mtaalamu wa nusu kaputi au wa ganzi ya mgongoni mara nyingi ni mmoja tu kwa zamu, naye ni yule aliyepangwa. Mnaweza kuomba mkunga wako awe kichwani kwako mpaka ulale. Na ruhusa hiyo itoke kinywani mwako wewe mwenye mwili, mume aithibitishe, isitafutwe tena kwa kaka wala kwa mjomba.

Baba, kazi yako ya nje ndiyo hii: gari liwe na mafuta na namba ya dereva uwe nayo. Jua mapema ndugu gani watatoa damu. Ukiitwa uamue, uwe umeshaamua.

Nawe mwanangu, usingoje uchungu ukiona damu, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, chupa imepasuka mapema, au mtoto ameacha kucheza. Siku hiyo hutachagua mkunga. Utakwenda ulivyo na utamkubali utakayemkuta.

Limebaki moja, nalo ni la ukoo mzima. Azimio lile la 1993 lilimalizia kwa kuzitaka mamlaka za afya zihimize wanawake wasomee udaktari, hasa uzazi na magonjwa ya kike, ili haja ya kuvuka mpangilio ipungue. Sisi tunataka wake zetu wazalishwe na wanawake, kisha binti akifaulu fizikia na kemia tunaona Chuo Kikuu cha SUZA ni mbali na posa iko karibu. Mdogo wa mumeo yuko kidato cha nne, ameniambia anapenda sayansi, na nimesikia kuna maneno ya kumwoza. Mumeo, ambaye hataki kuona mwanamume karibu na kitanda chako, ndiye wa kwanza anayepaswa kumlipia dada yake masomo. Mwambie nimesema mimi, na akitaka kubishana aje Wete, ugali na ng'onda vipo.

Nikipata nafasi nitavuka kuja Unguja kabla hujajifungua. Nisipowahi, nipigie ukishaonana na mkuu wa wodi uniambie amejibu nini.

Nisalimie mavyaa na wote nyumbani. Mungu akujaalie uzazi mwepesi.

Wassalaam,
Shangazi yako