Ukuta Haufundishi

Sisi wazazi wa Kolwezi tukisikia mtoto anakwenda Chuo Kikuu, twafurahi, wala hatuulizi zaidi. Lakini mwana wetu alipotuuliza, "Baba, Mama, niingie fakulte ipi kule Lubumbashi?" tulinyamaza. Jina la chuo tulilijua. Mambo ya ndani hatukuyajua.

Basi tukajifunza. Chuo Kikuu ni kama parokia yenye vigango. Rekta ni mkubwa wa wote. Kila fakulte ina mkuu wake, ndiye dekani. Chini yake ziko idara, na humo maprofesa na wasaidizi wao.

Lovanium, chuo cha Wakatoliki, kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville. Cha Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, kilianzishwa 1955. Cha Waprotestanti, Kisangani, 1963. Mwaka 1971 serikali ikaviunganisha vyote vitatu kuwa kimoja, ikazigawa upya fakulte. Ile ya lugha na fasihi ya Lovanium ikahamia Lubumbashi. Majengo yalibaki Kinshasa. Walimu walihama, na elimu ikahama nao. Mwaka 1981 vyuo vikatengwa tena.

Kumbe chuo ni walimu, si kuta! Sisi tulitaka mwana asome mambo ya migodi, maana hapa shaba ndiyo sahani yetu. Yeye akasema, "Nataka lugha."

Tukamwambia, "Mwanangu, kwanza uliza nani atakufundisha." Akaenda, akauliza, akarudi na neno lile lile. Tulisikitika kidogo, kisha tukamfungia mzigo.